Kumbukumbu ya mradi: Wi-Fi yenye WPA3 na 802.1X kwenye kompyuta mpakato ya Linux

Lengo ni kompyuta mpakato moja ya Linux iunganike yenyewe, kila inapowashwa, na mitandao miwili. Wa kwanza ni wa nyumbani, na ruta yake inatangaza WPA2 na WPA3, yaani viwango viwili vya ulinzi wa Wi-Fi, kwa pamoja. Wa pili ni wa ofisi, unaotumia 802.1X, yaani unaodai jina la mtumiaji, nywila na cheti. Msimamizi wa mtandao ni NetworkManager, na anayefanya kazi ya ulinzi nyuma yake ni wpa_supplicant. Kadi inaonekana kwa jina la wlp2s0. Kwingine huitwa wlan0, na `ip link` itakuonyesha.

Kazi yote imejengwa juu ya jambo moja. Muunganisho wa Wi-Fi hupita vituo vitano kwa mpangilio usiobadilika: kadi kuamka, kuona mtandao, kukubaliwa na ruta, kubadilishana funguo, kisha kupata anwani ya IP. Kidirisha cha mezani husema tu kwamba muunganisho umeshindikana, na husema hivyo hivyo kwa hitilafu zote tano. Kwa hiyo hapa hakuna mpangilio unaoguswa kabla ya kujua kituo kilichokwama. Mazoea ya kufuta profaili (mipangilio ya mtandao iliyohifadhiwa) na kuandika nywila upya ni mabaya, kwa kuwa yanafuta ushahidi na mara nyingi tatizo halikuwa huko.

Teminali mbili zinabaki wazi wakati wote wa majaribio:

```
sudo journalctl -f -u NetworkManager -u wpa_supplicant
sudo dmesg -w
```

Kwenye ya tatu unaanzisha muunganisho kwa `nmcli connection up Nyumbani`, Nyumbani likiwa jina la profaili.

Kadi

`lspci -nnk` inaonyesha kadi pamoja na mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo ukikosekana, keneli haina draiva inayoifaa kadi hiyo, au draiva imeshindwa kupakia. Kadi ya USB itafute kwa `lsusb`.

Kadi nyingi zinahitaji pia fimweya, yaani programu ya ndani inayopakiwa kutoka /lib/firmware. Ikikosekana, dmesg huandika "Direct firmware load for ... failed with error -2", na -2 maana yake faili halipo. Hapa pana mtego: draiva ya iwlwifi hujaribu matoleo mapya kwanza, kisha hushuka kwenye ya zamani, kwa hiyo mistari kadhaa ya -2 si kosa ikiwa chini yake upo mstari wa "loaded firmware version". Kwenye Ubuntu kifurushi ni linux-firmware. Debian hugawa kwa draiva, mfano firmware-iwlwifi, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimweya zimo ndani ya kisakinishi rasmi.

Kisha `rfkill list`. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `rfkill unblock wifi`. "Hard blocked: yes" haiondolewi kwa amri hiyo: tafuta swichi ya pembeni, kitufe cha kibodi au mpangilio wa BIOS.

Jambo la mwisho kwenye kituo hiki ni kuhakikisha hakuna wasimamizi wawili wanaogombania kadi:

```
systemctl is-active NetworkManager wpa_supplicant iwd dhcpcd
```

wpa_supplicant na iwd, ambayo hufanya kazi ile ile, zikiwa hai pamoja, muunganisho hupatikana na kukatika bila sababu inayoeleweka. Chagua moja, nyingine izime kwa `systemctl disable --now`. Mradi huu umebaki na wpa_supplicant kwa sababu logi zake zina maelezo mengi zaidi upande wa 802.1X.

Kuona mtandao

`nmcli -f SSID,BSSID,CHAN,SIGNAL,SECURITY device wifi list` inatosha. Mtandao ukionekana kwenye simu lakini si hapa, angalia chaneli ambayo ruta inatumia, kisha `iw reg get`. Nchi ikiwa 00, chaneli za 12 na 13 na nyingi za GHz 5 zinabanwa. `sudo iw reg set` na herufi mbili za nchi uliyopo hurekebisha, isipokuwa pale phy, yaani kadi, inapoandikwa "self-managed": hapo kadi inajiamulia yenyewe na haisikilizi amri. Dawa ni kubadilisha chaneli upande wa ruta.

Kukubaliwa na ruta

Hapa ndipo mtandao wa nyumbani ulipokwama, na ndipo penye mengi ya kujifunza.

Kwanza jua ruta inadai nini. Katika matokeo ya `sudo iw dev wlp2s0 scan`, chini ya RSN (sehemu ya ulinzi), kuna mistari miwili ya kuangalia. "Authentication suites: PSK SAE" maana yake WPA2 na WPA3 zipo pamoja, SAE ndiyo njia ya WPA3 ya kuthibitisha nywila. "Capabilities" huonyesha MFP-capable au MFP-required. MFP, ambayo NetworkManager huiita PMF, ni ulinzi wa ujumbe wa usimamizi: unamzuia mtu wa nje kutuma amri bandia ya kukukata. Kwa WPA3 ulinzi huo ni lazima.

Kisha jua kadi inaweza nini, kwa `iw list`. Tafuta "Device supports SAE with AUTHENTICATE command", na katika orodha ya "Supported Ciphers" tafuta CMAC. CMAC isipokuwepo, kadi pamoja na draiva yake haiwezi PMF, na hivyo WPA3 haitafanya kazi hata ukibadilisha nini kwenye profaili. Angalia hili mapema, maana linaokoa usiku mzima wa kubahatisha.

Njia ya kawaida kwenye dmesg ni hii: "authenticate with", "authenticated", "associate with", "RX AssocResp ... status=0", "associated". Namba ya status isipokuwa 0, ndiyo jibu lenyewe. 17 ni ruta iliyojaa. 31 ni kutokubaliana kuhusu PMF. 43 ni njia ya uthibitishaji ambayo ruta haiikubali.

Kwenye mradi huu muunganisho ulikatika kabla hata ya "associate with", na logi ya wpa_supplicant ilionyesha auth_type=3, ambayo ndiyo SAE. Ruta ilitangaza njia mbili, kompyuta ikachagua yenye nguvu zaidi, na mazungumzo ya SAE hayakukamilika. Jaribio la kutenganisha mambo ni kuzima PMF kwenye profaili hiyo peke yake:

```
nmcli connection modify Nyumbani wifi-sec.key-mgmt wpa-psk wifi-sec.pmf 1
nmcli connection up Nyumbani
```

Thamani za pmf ni 0 chaguo-msingi, 1 zima, 2 hiari, 3 lazima. Kwa 1, SAE haichaguliki na kompyuta inarudi WPA2. Ikaunganika papo hapo. Kwa hiyo nywila ni sahihi, mawimbi yanatosha, na tatizo ni SAE pekee. Hili ni jaribio, si tiba: kuiacha hivyo ni kuacha mlango wa kukatwa kwa ujumbe bandia. Tiba ilikuwa kusasisha fimweya ya ruta na ile ya kadi, kisha kulazimisha WPA3:

```
nmcli connection modify Nyumbani wifi-sec.key-mgmt sae wifi-sec.pmf 3
```

Kama ruta yako haipati masasisho tena, itenge WPA3 kwenye SSID (jina la mtandao) yake, na vifaa vya zamani vibaki kwenye SSID nyingine ya WPA2. Hali ya mchanganyiko ndiyo inayosumbua draiva nyingi.

Kubadilishana funguo

Maelezo ya kituo hiki ni ya WPA2. Nywila haitumwi hewani. Kompyuta na ruta kila moja huikokotoa pamoja na jina la mtandao, mizunguko 4096 ya PBKDF2 (njia ya kugeuza nywila kuwa ufunguo), kupata ufunguo wa biti 256, kisha hubadilishana jumbe nne kuthibitisha kwamba funguo zinafanana. Kutokana na hapo mambo mawili yanafuata. SSID ni sehemu ya ufunguo, kwa hiyo "Nyumbani" na "nyumbani" hutoa funguo tofauti kabisa kwa nywila ile ile. Na nywila lazima iwe na herufi 8 hadi 63. Nafasi iliyonaswa mwishoni wakati wa kunakili nayo inahesabiwa.

Ukikosea nywila, ruta haisemi umekosea. Inaona hesabu ya ujumbe wa pili haikubaliani, inautupa, muda unaisha. Ndiyo maana dmesg huandika "Reason: 15=4WAY_HANDSHAKE_TIMEOUT", na wpa_supplicant huandika "pre-shared key may be incorrect". Neno "may" lina maana yake hapo, kwa sababu mawimbi dhaifu yanayopoteza jumbe huleta ujumbe ule ule. Kutofautisha: sogea karibu na ruta ujaribu tena. Nywila ikiwa mbaya itashindwa kila mara, tena haraka. Mawimbi yakiwa mabaya matokeo hubadilika.

Alama ya kuvuka kituo hiki ni mstari wa "Key negotiation completed ... [PTK=CCMP GTK=CCMP]". Ukishauona, acha kugusa nywila. Ulinzi umekamilika, na lililobaki ni la anwani. GTK, ufunguo wa jumbe za vifaa vyote, ikiwa TKIP, njia ya zamani ya usimbaji, ruta bado inaruhusu vifaa vya WPA ya zamani. Zima hilo kwenye ruta.

Ujumbe wa "Secrets were required, but not provided" ni kitu kingine. NetworkManager ilihitaji nywila ikakosa pa kuitoa. psk-flags ikiwa 1, nywila imo kwenye hifadhi ya mtumiaji na haipatikani kabla hajaingia. Kwa kuwa lengo ni kuunganika tangu kuwashwa:

```
nmcli connection modify Nyumbani wifi-sec.psk-flags 0
nmcli --ask connection up Nyumbani
```

Nywila sasa inakaa /etc/NetworkManager/system-connections. Faili lazima liwe la root na ruhusa 600, la sivyo NetworkManager inalipuuza. Ukilihariri kwa mkono, fuatisha `nmcli connection reload`.

Mtandao wa ofisi, 802.1X

Hapa ruta ni mpitishaji tu. Anayeamua ni seva ya RADIUS iliyo nyuma yake. Profaili, bila nywila:

```
nmcli connection add type wifi con-name Ofisi ifname wlp2s0 ssid OFISI \
  wifi-sec.key-mgmt wpa-eap 802-1x.eap peap 802-1x.phase2-auth mschapv2 \
  802-1x.identity mtumiaji@ofisi.example \
  802-1x.anonymous-identity anonymous@ofisi.example \
  802-1x.ca-cert /etc/ssl/certs/ofisi-ca.pem \
  802-1x.domain-suffix-match radius.ofisi.example
```

Mistari miwili ya mwisho si mapambo. Bila ca-cert, yaani cheti cha mamlaka inayotoa vyeti, kompyuta haihakiki seva hata kidogo, na mtu yeyote atakayewasha mtandao wenye jina hilo atakusanya majibu ya MSCHAPv2 (uthibitisho wa nywila yako) na kuyavunja kwa utulivu kwake. Bila domain-suffix-match, cheti chochote kilichotolewa na mamlaka hiyo kitakubalika, hata cha seva isiyohusika. Maelekezo mengi yanashauri kuacha hivi vitupu ili iunganike. Usiyafuate.

Hitilafu na maana zake:

- "unable to get local issuer certificate": cheti cha mamlaka si chenyewe. Kikague kwa `openssl x509 -in ofisi-ca.pem -noout -subject -enddate`. Amri ikigoma, huenda faili ni la muundo wa DER, si PEM ya maandishi. Ongeza `-inform der`, na likisomeka ligeuze kuwa PEM.
- "certificate is not yet valid": saa ya kompyuta imerudi nyuma, mara nyingi kwa sababu ya betri ya ubao mama. Saa hairekebishiki bila mtandao, na mtandao haupatikani bila saa. Tumia `timedatectl set-ntp false`, kisha `timedatectl set-time`, unganika, halafu rudisha NTP, yaani urekebishaji wa saa kwa mtandao.
- "unsafe legacy renegotiation disabled" au "protocol version": seva ni ya zamani na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji, inaikataa. Kwa TLS 1.0, `802-1x.phase1-auth-flags 32` huiruhusu kwa profaili hiyo tu. Wapelekee wasimamizi wa seva mstari huo wa logi. Kwao ndiko kwenye tiba.
- MSCHAPv2 ikirudisha error 691, jina au nywila si sahihi. 648 ni nywila iliyokwisha muda, 647 ni akaunti iliyofungwa.

Kwenye Fedora kuna la ziada: SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi, inaweza kuzuia cheti kilichoachwa kwenye folda ya vipakuliwa kisisomwe. Kiweke ndani ya ~/.cert kisha `restorecon -Rv ~/.cert`.

Mtandao wa ofisi pia husajili vifaa kwa anwani ya MAC, yaani namba ya kadi. Profaili ikibadilisha MAC kila mara, utapita ulinzi wote kisha ukose IP. `wifi.cloned-mac-address permanent` kwa profaili hiyo pekee inatosha.

Hali ilivyo sasa

Mitandao yote miwili inaunganika tangu kuwashwa, wa nyumbani kwa SAE na PMF ya lazima. Ilibaki kukatika baada ya kompyuta kukaa kimya, nako kulitokana na kadi kubana umeme: `iw dev wlp2s0 get power_save` ilisema on. Faili lenye mistari hii (2 huzima kubana umeme) ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d lilimaliza tatizo baada ya kuwasha upya NetworkManager:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Linalofuata ni bendi ya GHz 6. Huko WPA2 hairuhusiwi kabisa, na SAE yake lazima itumie njia mpya ya H2E, ambayo inahitaji wpa_supplicant 2.10 au zaidi. `wpa_supplicant -v` hapa inaonyesha 2.10, kwa hiyo kitakachopimwa kwanza ni kama draiva inaziona chaneli hizo kwenye `iw list`, au imeziandika "disabled".