Glavu ya Kuvuka kwa Mtikiso Mmoja

Kwenye kidole gumba changu cha kulia pana kovu jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Nililipata wiki ya pili tangu mtungi wa nitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, uingie maabara yetu hapa Mombasa. Mtungi ulikuja, koleo la kubania likaja, kijitabu cha maelezo kikaja. Vifaa vya kujikinga vikabaki kwenye ahadi. Mimi nikajiambia, mbona glavu zipo boksi zima, zile za buluu tunazovaa tukishika damu. Nikavaa jozi mbili, moja juu ya nyingine.

Kile chuma kinachobeba vichupa kilitoka mtungini kikifuka moshi mweupe. Nikakishika. Mpira ukakakamaa kama ganda la yai, ukapasuka, ngozi ikang'ang'ania chuma kabla sijawahi hata kusema yallah. Nitrojeni ya maji huchemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na chuma kilicholala humo huunguza kama kilichotoka jikoni, ila hiki hakikuonyi kwa wekundu. Mwenzangu akaudaka mkono aanze kuusugua. Nikamkatalia, kwani hilo moja nilikuwa nimelisoma: ngozi iliyoganda haisuguliwi. Nikakitia kidole kwenye bakuli la maji vuguvugu, ya joto la mwili hivi, kisha nikaenda hospitali. Usiku lengelenge likatoka.

"Wewe ndiye uliyeungua," mkuu wetu akaniambia kesho yake, "basi wewe ndiye utakayechagua."

Nilianzia Mwembe Tayari, kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya mafundi. Akanitolea glavu nzito za wachomeleaji.

"Mwanangu, hii ngozi ya ng'ombe. Moto haupiti."

"Na baridi, baba?"

"Baridi?" Akachungulia jua la nje, Machi hiyo, watu wamejibanza vivulini. "Mombasa hii?"

Nikanunua, ujinga wangu. Maabarani nikazivaa kavukavu, bila kugusa mtungi, nikajaribu jambo ambalo kijitabu kilisisitiza: teremsha mkono, utikise mara moja, glavu ianguke yenyewe. Yangu haikuanguka. Mikono ilikuwa imeshatota jasho, na ngozi ile imenishika vidole kama soksi mbichi. Nikatikisa tena na tena, mpaka mwenzangu akauliza kama nacheza chakacha.

Jaribio lile ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa natafuta kitu kizito cha kuzuia, kumbe swali ni jingine: nitrojeni ikiingia, itatokaje? Tone la nitrojeni likianguka kwenye ngozi tupu mara nyingi huteleza likaenda zake, maana mvuke wake wenyewe hulibeba juu juu. Balaa huja pale linapopata pa kukaa, ndani ya glavu, ndani ya kiatu, kwenye kitambaa kilichonyonya. Tangu siku hiyo kila kifaa nilikipima kwa namna kinavyovuka mwilini.

Glavu tulizoagiza mwishowe ni za baridi kali hasa, zenye tabaka ndani na mkono mrefu, na nilichukua saizi moja juu ya yangu. Ukinunua utaona nyingi zina alama ya theluji na maandishi EN 511, kiwango cha Ulaya cha glavu za baridi, chini yake tarakimu tatu: ya kwanza ni kinga ya hewa baridi, ya pili ya kushika kitu baridi, zote hufika 4, ya tatu ni maji, 0 au 1. Alama hiyo ni nzuri, lakini usilewe nayo. Kiwango hicho kinahusu baridi ya hadi nyuzi 50 chini ya sifuri. Kwa barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, iliyo kwenye 78 na ushei chini ya sifuri, tayari umeshapita, sembuse nitrojeni. Tafuta mtengenezaji aandike waziwazi kwamba glavu ni za vimiminika vya baridi kali. Na hata hizo si za kuchovya mkono mtungini. Koleo ndilo linaloingia.

Shida yetu ya pwani hakuna kijitabu kilichoitaja. Glavu iliyolowa hupitisha baridi haraka, na hapa kwetu italowa tu, kwa jasho ndani na kwa unyevu wa hewa unaoganda nje. Dawa yetu ni jozi mbili kwa mtu mmoja: moja mkononi, nyingine imetundikwa ikikauka. Mara ya kwanza nilipoona aibu kuomba hela ya jozi ya pili, nilimwonyesha mkuu kidole.

Mengine yalikuja kwa urahisi. Mikono ya koti huvutwa juu ya glavu, kwa kuwa tunamimina mikono ikielekea chini. Suruali haina pindo, nayo hushuka nje ya kiatu. Kijana wetu alikuja na gamubuti, kachomeka suruali ndani, kajiona askari. Nikamwambia umebeba ndoo mbili miguuni. Aproni haina mifuko. Pete na saa hubaki kwenye droo. Mimi buibui nalivua mlangoni kwa sababu ya mikono yake mipana, na ncha za mtandio nazifungia ndani ya koti.

Juu ya uso sikubali mjadala: miwani ya kuziba pande zote, na ngao ya uso juu yake, hata kama unatoa kichupa kimoja. Kichupa ambacho kifuniko hakikukaza hunyonya nitrojeni kikiwa ndani ya mtungi, na kikitoka kwenye joto letu hili kinaweza kulipuka usoni. Ngao hufunga ukungu, ni kweli. Mimi huivaa dakika chache kabla, ipate joto langu, na nikishindwa kuona naacha kazi, natoka, nafuta, narudi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna vazi linaloliponya. Lita moja ya nitrojeni ya maji ikishageuka hewa hufika karibu lita 700, haina harufu, na huisukuma oksijeni pembeni. Sisi tulikuwa tunafunga madirisha ili eisii ipoe vizuri, nayo eisii ya ukutani huzungusha hewa ileile. Sasa tukimimina, madirisha wazi, jasho litoke litakavyo, na ukutani kuna kipimo kinacholia oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, kutoka ile 20.9 ya kawaida. Kikilia hatusimami kuulizana. Tunatoka.

Glavu za mzee wa Mwembe Tayari nazo hazikupotea. Shemeji yangu anachoma mishikaki jioni, na anasema moto kweli haupiti.