Siku moja maishani mwangu: kopailoti (rubani msaidizi) wa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, Tanga

Saa 10 na nusu alfajiri. Naamka kabla ya adhana, hapa Chumbageni, mama keshabandika chai. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umeshaamua? Ndo salamu yetu wiki nzima hii, maana nimeletewa mkataba wa kampuni nyingine na Jumatatu wanataka jibu.

Saa 12 kasoro, kiwanjani. Naanza na kuchuja mafuta, unaingia chini ya bawa na kikombe cheupe cha plastiki, unasukuma kile kivalvu, yanatoka kidogo unakiinua kwenye mwanga. Kama yana maji utayaona yamejikusanya chini kama ushanga. Leo masafi. Kapteni akaja nyuma yangu akakagua upya yeye mwenyewe, hajawahi kuacha, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Saa 1 tumeruka Pemba, dakika ishirini hivi, kusi inasukuma kutoka pembeni wakati wa kutua nikaachiwa nitue mimi. Halafu Unguja, halafu Dar.

Saa 3 na nusu. Dar, hatuna safari tena mpaka saa 8 mchana. Tumekaa kantini na chapati maharage nikamtolea Kapteni mkataba. Ndege ya injini mbili za propela, abiria sabini na kitu, mshahara karibu mara mbili ya huu wangu. Mshahara hata hakuuangalia, akafungua moja kwa moja kifungu cha bondi. Kampuni inakulipia taipu retingi, yaani mafunzo na kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, wewe unawafanyia kazi miaka 3, ukiondoka kabla unarudisha hela yote, hata kama umebakiza mwezi mmoja. Akasema binti, bondi ya haki inashuka kila mwezi unaofanya kazi, na waulize wakikupunguza wao deni linakuwa la nani. Akanikumbusha 2020 Korona ilivyolaza ndege dunia nzima na marubani wakarudishwa nyumbani.

Halafu notisi. Mimi nikitaka kuacha miezi mitatu, wao wakitaka kuniacha mwezi mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi notisi yake isipungue siku 28, na mkikubaliana muda mrefu zaidi lazima ulingane pande zote mbili. Sasa mtu ana furaha ya kuitwa kwenye ndege kubwa nani atasoma mpaka huko, ndo maana naandika.

Kingine ni hesabu ya saa, na hii naomba wadogo zangu mlioko vyuo vya urubani muisome taratibu. ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya rubani, inataka saa 1,500 za kuruka. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, saa zako za kiti cha kulia, cha kopailoti, kwa kawaida zinahesabiwa si zaidi ya nusu, yaani unakaa juu saa mbili unaandikiwa moja. Kwenye ndege ya marubani wawili zinaingia zote. Ukiishia hapo utasema kimbia haraka. Lakini ATPL hiyohiyo inataka uwe na saa 250 za kuwa wewe ndo kamanda, au 500 za kukaimu ukamanda chini ya kapteni, na huko kwenye ndege kubwa hizo 500 utazipata pale tu kampuni ikikupangia. Kapteni wangu kashavuka 60, mwisho wa rubani wa abiria ni 65, na kwa umri wake haruhusiwi kuruka bila rubani mwenzake. Mwakani anastaafu. Kiti cha kushoto, cha kapteni, kikiwa changu kila saa inahesabiwa nzima, na ni ya ukamanda.

Saa 8 tukaondoka, saa 10 tuko Tanga, mawingu mazito upande wa Usambara ila huku pwani kweupe.

Jioni nikamweleza mama. Yeye anaona ndege kubwa ndo heshima, na namwelewa, shamba la machungwa la Muheza liliuzwa mimi nisome, wajomba walichanga mpaka wengine wakakopa. Ndo maana hasa siwezi kusaini deni lingine la kipofu, deni la kwanza limebebwa na watu wazima waliokuwa na watoto wao wa kusomesha. Akanyamaza kidogo akasema basi waulize kwanza, kuuliza si kukataa.

Saa 3 usiku nimetuma barua pepe mbili. Kwa hao wapya: bondi ishuke kila mwezi, wakinipunguza ifutwe, notisi iwe sawa kwao na kwangu. Kwa mwajiri wangu: nataka tarehe ya mafunzo ya ukapteni kwa maandishi, ahadi za mdomo nimechoka nazo. Wapya wakikubali yote matatu nasaini Jumatatu asubuhi. Wakikataa hata hilo la bondi peke yake nabaki Caravan, nasubiri kiti cha kushoto.