Siku moja na nondo mbili za titani

Saa moja asubuhi nafagia maranda ya jana chini ya mashine ya kukereza. Maranda membamba ya titani hushika moto upesi, na moto wake hauzimwi kwa maji. Ndoo ya mchanga mkavu haiondoki miguuni pangu.

Saa mbili nafungua mzigo: nondo mbili za titani safi, kipenyo kimoja, ukizitazama ni mapacha. Tofauti iko ndani. Ya kwanza ina punje, yaani fuwele ndogo zinazoijenga metali, za makumi ya maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya pili ilisukumwa mara kadhaa ndani ya mfereji wenye kona, hadi punje zake zikashuka chini ya maikromita moja.

"Fundi, hii ya pili si itatusumbua zaidi?" anauliza kijana ninayemfundisha.

Swali zuri. Mipaka ya punje huzuia atomi zisiteleze ovyo, kwa hiyo punje zikiwa ndogo metali huwa imara zaidi. Mwanasayansi Hall aliliandika jambo hili mwaka 1951, mwenzake Petch akafuata 1953: punguza ukubwa wa punje mara nne, mchango wa mipaka hiyo katika uimara unakuwa maradufu.

Saa tatu, nondo ya kwanza. Ncha ya kukatia ya kabidi, ambayo ni ngumu sana, kasi ya mita 50 kwa dakika, maji ya kupoozea yanamwagika. Mlio unapanda na kushuka, na mstari wa kipima nguvu unatetemeka vilevile.

Saa tano, ya pili. Nguvu imeongezeka kidogo tu, ila mstari umetulia! Kijana ananitazama kama niliyemfanyia mazingaombwe. Fuwele ya titani ni ngumu upande mmoja, laini upande mwingine. Mkato ukiwa mwembamba, ncha hukutana na punje kubwa mojamoja, kila moja na tabia yake. Punje ndogo hupitiwa nyingi kwa pamoja, na tofauti zao zinamezana. Uso umetoka laini, na kingo hazina vile vinyuzi vinavyochana vidole.

Saa saba tunapumzika.

Saa nane tamaa ikanishika, nikaongeza kasi. Kosa langu. Titani haipitishi joto vizuri, ni kama theluthi tu ya chuma cha kawaida, basi joto linarundikana pale pale kwenye ncha. Ncha ikalika, maranda yakaanza kuigandia.

Saa kumi tunaweka kipande chini ya hadubini ya elektroni. Katikati, punje ni ndogo kama zilivyokuja. Ukingoni, utando mwembamba ambamo punje zimekua tena kwa joto lile. Kazi yote ya kuzisaga, nimeifuta mimi mwenyewe kwa robo saa, na kwa macho uso ule bado unang'aa.

Saa kumi na moja kijana anaandika daftarini: kesho turudi mita 50, ncha mpya. Halafu anaongeza, bila kuniuliza: "Fundi asiguse kasi."