Nimerudi Lumbridge

Jana usiku nilipakua Old School RuneScape kwenye simu, mchezo wa mtandaoni ambao watu wengi huucheza pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Mara ya mwisho kuucheza huu mchezo ilikuwa 2007, kwenye saiba ya mtaani kwetu Mombasa, shilingi moja kwa dakika. Mimi na kaka tulikalia kiti kimoja: yeye anashika mausi, mimi nachunga saa.

Toleo hili lilitoka 2013, likajengwa juu ya nakala ya mchezo ya Agosti 2007, kwa hiyo kila kitu kiko palepale Lumbridge, mji wa kuanzia mchezo. Ngome, daraja, ng'ombe ng'ambo ya mto. Maendeleo yetu ya zamani hayakuhamishwa, unaanza sifuri.

Nilikwenda moja kwa moja Draynor, kijiji cha jirani humo mchezoni, kwenye ile mierebi karibu na benki ambapo kaka alikuwa akikata magogo huku akipiga soga na watu wa mbali kabisa. Kuikata kunataka kiwango cha 30 cha ustadi wa kukata miti. Mimi nina cha 4. Nikasimama tu pale, koo limenikaba.

Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia. Siku hizi yuko Doha kazini. Saa nane usiku akajibu: "Usiondoke hapo benki. Napakua."