Malindi hadi Jinja: nilivyochagua usafiri wa kuvuka mpaka

Mtu wa Malindi akitaka kwenda Jinja, mji wa Uganda ulio pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, huuliza kwanza nauli, kisha huuliza safari huchukua muda gani. Mimi naanza na swali jingine: nitafika mpakani saa ngapi, na nitashushwa Jinja saa ngapi? Haya mawili yakikaa sawa, mengine hupangika. Yasipokaa sawa, hata tiketi ya ndege haikufai kitu.

Sababu ni kwamba basi litokalo Kenya haliishii Jinja. Hayo ni mabasi ya Kampala, na Jinja iko njiani, kilomita 80 hivi kabla ya kufika Kampala. Dereva hukushusha kandokando ya barabara kuu na kuendelea na safari yake, iwe adhuhuri au saa kumi za usiku. Kampuni nyingi hukutoza nauli kamili ya Kampala hata kama unashukia Jinja, kwa hivyo usitegemee punguzo. Kinachobaki mkononi mwako ni kuchagua saa.

Kutoka Malindi mpaka Jinja ni karibu kilomita 1,200: Malindi hadi Mombasa 120, Mombasa hadi Nairobi 480, Nairobi hadi Busia mpakani kwa njia ya Kericho na Kisumu 460 hivi, kisha Busia hadi Jinja 120. Huku kwetu wazee hupenda kuuliza, "Mwanangu, mbona usipande basi moja Mombasa likupeleke mpaka ufike?" Mabasi hayo yapo, na kwa mwenye mizigo mingi yana faida, maana mzigo haushushwi Nairobi. Lakini utakaa kitini mchana na usiku, na kila dakika inayopotea njiani, foleni ya pale Mlolongo karibu na Nairobi, tairi kupasuka, mizani, unaibeba mpaka mpakani. Saa ya kuvuka huwezi kuipanga. Ndiyo maana mimi huikata safari Nairobi.

Kipande cha kwanza nimekiweka kwenye treni ya SGR ya asubuhi. Treni hiyo huondoka Mombasa saa mbili asubuhi, husimama vituo vya kati, na hufika Nairobi karibu saa nane mchana. Ya saa tisa alasiri ni ya kasi zaidi, ila inakufikisha Nairobi saa mbili usiku imeshapita, nawe bado uko Syokimau, kituo kilicho nje ya jiji, huku mabasi ya usiku yanaanza kuondoka. Ya saa nne usiku inakutupa Syokimau kabla ya alfajiri. Kwa anayeunganisha na Uganda, ya asubuhi ndiyo inayokubali hesabu. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na daraja la kwanza ni 4,500. Tiketi hununuliwa kwa simu, na jina na namba ya kitambulisho lazima vilingane na kadi utakayoishika mlangoni. Fika saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa kisha hupita kwenye mashine. Visu, mafuta ya taa na mitungi ya gesi havipiti.

Ugumu wa treni hii kwa mtu wa Malindi ni kuiwahi. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, upande wa bara, sisi tunaingilia Mtwapa na Nyali. Ukitaka kuwa Miritini saa moja asubuhi, toka Malindi saa tisa na nusu usiku, usiivutevute ikafika saa kumi na moja, kwa kuwa foleni ya Mtwapa na ya Kisauni huanza mapema. Lakini ipo njia ambayo wengi hawaifikirii. Treni ya asubuhi husimama Mariakani. Ukishavuka daraja la Kilifi, pale Mavueni kuna barabara ya lami inayokata kulia kupitia Kaloleni hadi Mariakani bila kugusa Mombasa. Kama mnakodi gari watu watatu au wanne, pandeni Mariakani na mkate tiketi inayoanzia hapo. Kwa matatu siipendekezi, maana alfajiri magari ya Kaloleni hayana uhakika.

Asiyetaka treni ana basi la usiku la Malindi hadi Nairobi, linafika mapema asubuhi. Ni rahisi, na ukipumzika kutwa mahali kabla ya kupanda tena jioni, mwili utastahimili. Usiunganishe basi la usiku na basi la mchana bila kulala. Miguu huvimba, na kwa watu wazima hilo si jambo dogo.

Ukishuka Syokimau, panda treni ndogo ya kuingia mjini inayongojea abiria wa SGR. Ni nafuu na haijui foleni. Ofisi nyingi za mabasi ya Uganda ziko mitaa ya River Road, Accra Road na Cross Road, nawe una saa kadhaa za kula na kuswali.

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Basi linaloondoka Nairobi saa kumi na moja jioni linafika mpakani saa nane au saa tisa usiku, na Jinja kabla ya kupambazuka. Linaloondoka saa mbili au saa tatu usiku linafika mpakani alfajiri, na Jinja saa tatu au saa nne asubuhi. Nauli ni moja, viti ni vilevile, na mimi kila siku nachukua la pili. Basi la asubuhi mapema nalo linafaa kwa anayechukia kusafiri usiku, ila ujue litakufikisha Jinja magharibi, na likichelewa kidogo tu giza limeshaingia.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja: basi linapitia Busia au Malaba? Linalopita Kericho na Kisumu huvukia Busia, linalopita Eldoret huvukia Malaba. Vituo vyote viwili hufanya kazi usiku na mchana, lakini Malaba ndiyo njia kuu ya malori ya bandari yetu ya Mombasa. Msururu wake ukiwa mrefu, hata basi la abiria hubanwa kabla ya kufika getini. Busia nayo ina malori, ila kwa abiria imekuwa nyepesi zaidi. Faida nyingine ni kwamba ukiwa Busia na basi likaharibika, matatu za Kisumu na taksi za Jinja (Uganda matatu huitwa taksi) ziko hapo hapo.

Njia zote mbili zina baridi ambayo mtu wa Pwani haijui. Mau Summit na Timboroa ziko juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na dirisha la basi halizibi vizuri. Kikoi na leso havitoshi. Chukua sweta, soksi na shuka nzito, uviweke kwenye mkoba wa mkononi, visiwe ndani ya begi lililofungiwa chini.

Karatasi nazo zitayarishwe mapema. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini kiwe kadi yenyewe, siyo nakala wala picha kwenye simu. Mtoto asiye na kitambulisho atengenezewe hati ya kusafiria, na cheti chake cha kuzaliwa kiwepo. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hivyo anayekwenda kuchanjwa siku moja kabla ya safari hana kadi inayofaa. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo usikubali kuambiwa kwamba cha zamani kimekwisha muda wake baada ya miaka 10.

Basi likifika Busia, abiria wote hushuka na kutembea. Mpaka huu ni wa kituo kimoja: unaingia jengo lililo upande wa nchi unayokwenda, na humo maofisa wa Kenya na wa Uganda wamekaa dirisha kwa dirisha. Unaagwa na Kenya kwenye dirisha moja, unapokewa na Uganda kwenye la pili. Ukipewa kikaratasi cha kuingilia, kitunze pamoja na kitambulisho, kitaulizwa wakati wa kurudi. Basi lenyewe hupita upande wa forodha na kukungojea mbele. Kabla hujashuka, piga picha namba yake ya usajili na uandike simu ya utingo, kwa sababu mabasi ya kampuni moja hufuatana, yanafanana rangi, na abiria hupanda lisilo lake. Fedha na dawa ushuke nazo.

Vijana wa bodaboda watakuambia wanakuvusha kwa dakika mbili bila foleni. Hiyo ni njia ya panya. Ukipita huko huna muhuri wala karatasi, na siku ya kurudi wewe ni mtu aliyeingia nchi kinyume cha sheria. Hakuna foleni ya Busia inayostahili gharama hiyo.

Kuhusu kubadilisha pesa nitakaa kidogo, maana watu wanaumia hapa. Kwa mwaka wa 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikizunguka 27 hadi 28 za Uganda. Kwa bei hiyo shilingi 1,000 zetu zilikupa 27,000 hivi, na wa barabarani hukukata kidogo. Shida kubwa siyo bei, ni sufuri. Noti za Uganda zinaanzia 1,000 na 2,000 hadi 50,000, na mgeni aliyetoka usingizini alfajiri hupokea ya 5,000 akiihesabu kuwa 50,000. Ujanja mwingine ni wa mkunjo: mbadilishaji anahesabu mbele yako akiwa amezikunja noti katikati kwenye vidole, na noti moja inahesabiwa ncha zake mbili. Basi fanya hesabu kwenye simu kabla hujamkaribia, zipokee noti zake kwanza, zinyooshe moja moja, usome sufuri, ndipo utoe zako. Akisema "ngoja nikuongezee" na kuzichukua tena, anza kuhesabu upya. Badilisha za njia tu hapo, nyingine ubadilishe mjini kwenye duka la fedha.

Kutoka Busia ni Bugiri, Iganga, kisha Jinja, saa mbili na nusu au tatu. Mwambie utingo mara mbili kwamba unashukia Jinja: ukishapita mpaka, na tena mkiwa Iganga. Mabasi mengi hushusha pale Amber Court, kwenye mzunguko wa barabara kuu, na bodaboda hukuingiza mjini. Alama ni daraja. Daraja jipya la Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018, linaning'inia kwa nyaya ndefu zinazoonekana kwa mbali, nalo liko ng'ambo ya Jinja kwa anayetoka Kenya. Ukijikuta juu yake, umeshapitiliza na unaingia Njeru. Shuka hapo Njeru, usipelekwe mpaka Lugazi.

Ndege je? Malindi ina ndege za Nairobi, na kutoka Nairobi kuna za Entebbe. Kwenye ramani inapendeza. Lakini Entebbe iko upande wa pili wa Kampala. Ukitua utapita kilomita 40 hadi jijini, uingie kwenye foleni ya Kampala, Mukono, ukate msitu wa Mabira, ndipo urudi Jinja: saa tatu au nne za gari baada ya kushuka angani. Kwa mwenye haraka naona bora Kisumu. Ruka Malindi hadi Nairobi, unganisha na ndege ya Kisumu, ambayo huchukua chini ya saa moja, kisha panda matatu ya Busia kupitia Maseno, Luanda, Yala na Ugunja. Vuka kwa miguu, upande taksi ya abiria 14 hadi Jinja. Ukitoka Malindi asubuhi unalala Jinja. Soma tiketi vizuri tu: ndege nyingine za Malindi hutua uwanja wa Wilson, na ya Kisumu ikiwa inatoka Jomo Kenyatta itabidi ukate jiji zima kuifuata. Acha angalau saa nne katikati.

Kurudi sirudi kwa mpango uleule. Mabasi ya Kampala hupita Jinja yakiwa yameshajaa, mengi usiku, na kusimama barabarani ukipunga mkono gizani si usafiri. Kama unalitaka basi, katia tiketi ofisini siku moja au mbili kabla, na uandikiwe kwamba unapandia Jinja. Mimi huenda stendi ya taksi ya Jinja asubuhi, nikapanda ya Busia, nikavuka kwa miguu mchana, nikaenda Kisumu. Hapo nachagua ndege au basi la Nairobi kwa nafasi. Taksi hungoja ijae, kwa hivyo kaa tayari kwa nusu saa au zaidi.

Na kabla hujaukaribia mpaka kutoka upande ule, fungua mizigo utoe mifuko yote ya plastiki. Uganda wauzaji bado wanaifungia bidhaa, nasi Kenya tumeipiga marufuku tangu Agosti 28, 2017. Samaki wakavu, kahawa, karanga, vyote vihamishie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa mkiwa bado Jinja, maana ofisa akiiona Busia ataichukua, nawe utabaki na karanga mikononi.