Mzigo wa mnyama aliyechoka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la wiki hii ni Isaya 46, mistari minne ya kwanza. Ifungueni kwanza muisome kwa sauti, kisha turudi hapa.

Kwa miaka mingi nilidhani nabii anawacheka tu Wababeli. Sanamu zimepakiwa juu ya wanyama, ng'ombe wanahema, Beli anaanguka, Nebo anainama. Nikaiona ni kejeli ya mtu aliye mbali na mambo. Kumbe kubebwa kwa miungu kulikuwa jambo la kawaida kabisa Babeli, tena la furaha.

Beli maana yake ni Bwana. Ndivyo walivyomwita Marduk, mungu mkuu wa mji, mwenye hekalu liitwalo Esagila. Nebo, au Nabu, ni mwanawe, mungu wa waandishi, na makao yake yalikuwa mji jirani wa Borsippa. Jina lake limo ndani ya jina la Nebukadreza. Kila mwaka mpya, mwezi wa Nisani, Nabu alipakiwa chomboni akaletwa Babeli kumwamkia baba yake, na Marduk akatolewa hekaluni kwa maandamano, mfalme akimshika mkono. Sikukuu hiyo iliitwa Akitu.

Mfalme asipokuwepo, Marduk hatoki. Nabonidus, mfalme wao wa mwisho, alihamia Tema huko Arabuni akakaa miaka kama 10, na miaka hiyo Akitu haikufanyika. Mungu wa dola nzima amekaa ndani, anamngoja mtu wa kumshika mkono!

Kuna safari nyingine ambazo hazikuwa na ngoma. Mwaka 689 KK Senakeribu mfalme wa Ashuru, yule yule aliyemtisha Hezekia mfalme wa Yuda, aliiharibu Babeli, na Marduk hakurejea Esagila hadi 668 KK. Waelami, majirani wao wa mashariki, nao walishawahi kumchukua, karne nyingi kabla. Kisha mwaka 539 KK, Koreshi mfalme wa Uajemi alipokaribia, miungu ya miji kama Kish na Marad ilikusanywa ikaletwa Babeli, ipate hifadhi nyuma ya kuta. Mwezi wa Oktoba jeshi la Koreshi likaingia mjini bila vita. Baadaye Koreshi akaamuru miungu irudishwe makwao. Safari tena, mizigo tena.

Lakini tusiwafanye wajinga. Sisi wahubiri tunapenda kusema, "Walichonga mti wakauabudu," tukaishia hapo, kana kwamba wao hawakuliona tatizo hilo. Waliliona. Sanamu mpya ilipokamilika ilipelekwa bustanini kando ya mto, ikaoshwa kinywa, kwa sababu bila hivyo, walisema, haiwezi kunusa ubani, kula wala kunywa maji. Kisha wakaletwa mafundi wenyewe. Wakafungwa mikono kwa kitambaa, ikafanywa ishara ya kuikata kwa kisu cha mti, nao wakaapa kwamba si wao walioitengeneza. Aliyeitengeneza ni mungu wa ufundi wao.

Kiapo hicho kimenikaa kooni wiki nzima. Fundi bado ana vumbi la mbao kwenye kucha, na anaapa. Kwa nini aape, kama hakuna anayemshuku?

Ikishaoshwa kinywa, sanamu inaanza kudai. Kule Uruk, kwa taratibu zilizobaki katika maandishi ya mahekalu yao, miungu iliandaliwa milo minne kwa siku: miwili asubuhi, miwili jioni. Wenye Biblia iliyo na Danieli 14 watakumbuka makuhani wanaonyemelea usiku kula chakula cha Beli, na nyayo zao zikaonekana kwenye majivu. Ni kisa kitamu, ila masazo ya meza za miungu hayakuwa siri kote. Yalipelekwa kwa mfalme, na makuhani walikuwa na mafungu yao yanayojulikana.

Nami ninayo yangu niliyoichonga. Nina jina zuri kanisani. Nilipopewa nafasi ya kuongoza, nilisimama mbele nikasema, "Si mimi, ni Bwana," kwa sauti ya unyenyekevu niliyokuwa nimeifanyia mazoezi nyumbani. Tangu hapo jina hilo linataka kulishwa. Jumapili nisipotajwa kwenye matangazo nasikia njaa yake hadi jioni. Nikisafiri, nalibeba.

Isaya hamalizi na ng'ombe wale. Katika mstari wa tatu Mungu anawageukia watu wa Yakobo, na kitenzi ni kile kile cha kuchukua, ila sasa mchukuzi ni mwingine: ninyi niliowachukua tangu tumboni, nitawachukua hadi mvi.

Jumuiyani kwetu yupo bibi ambaye miguu imekataa. Zamani ndiye aliyekuwa anabeba viti vya ibada kichwani, nyumba hadi nyumba. Siku hizi wajukuu wawili wanamnyanyua pamoja na kiti chake cha plastiki, mmoja kila upande, wanavuka naye mtaro. Tuliposoma mistari hii Alhamisi, msomaji alipofika kwenye mvi, bibi alimsimamisha.

"Hebu rudia hapo," akasema, akiwa bado anajiweka sawa kitini. "Pole pole, baba. Hapo panapomhusu mzigo."