Usiku wa manane kule Winona

Bwana asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Matendo 16:25, "Lakini panapo usiku wa manane, Paulo na Sila walikuwa wakimwomba Mungu na kumwimbia nyimbo za kumsifu, na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza." Huu mstari tumeuhubiri sana, ila karibu kila mara tunaukimbilia wa 26, tetemeko, milango inafunguka, haleluya. Leo naomba tubaki kidogo kwenye ule usiku wenyewe.

Kuna mama anaitwa Fannie Lou Hamer, mweusi wa Mississippi kule Marekani, kitinda mimba wa watoto 20, kakulia kwenye mashamba ya pamba. Mwaka 1962 akaenda kujiandikisha kupiga kura, siku hiyohiyo akatimuliwa kwenye shamba alilolifanyia kazi miaka 18. Sasa Juni 1963 yeye na wenzake wanarudi kwenye mafunzo, basi likasimama Winona, mji wa huko huko Mississippi, baadhi yao wakaingia mgahawa wa pale stendi ambao wazungu walikuwa hawataki mweusi akae, polisi wakawabeba. Rumande, mama huyu akalazwa kifudifudi kitandani na polisi wakawaamuru wafungwa wawili, weusi wenzake jamani, wampige kwa kirungu cha ngozi, wa kwanza akachoka akampokea wa pili. Figo ziliumia, na jicho pia, na madhara yake aliyabeba mpaka anafariki 1977.

Na waliimba. Mle mle seli, mwili umevimba, waliimba wimbo wa zamani wa kanisani unaowahusu Paulo na Sila gerezani. Ndio maana siwezi kuusoma mstari wa 25 haraka tena.

Nyimbo nyingi za mapambano yale ya weusi kudai haki zao zilitoka kanisani hivyo hivyo, ukiwa unaujua wimbo tangu utoto unaweza kuuimba hata gizani bila kitabu. Mwaka mmoja wafungwa wa Mississippi waliuchukua wimbo wa ibada wakatoa jina la Yesu wakaweka neno uhuru, na najua kuna wapendwa itawakwaza, ila mimi sioni kama Yesu alitolewa pale, maana yeye mwenyewe kule Nazareti alisoma kwamba ametumwa kuwatangazia wafungwa kufunguliwa kwao.

Ila Winona hakukuwa na tetemeko. Polisi walishtakiwa, Desemba ya mwaka huohuo baraza la mahakama (jury) la wazungu watupu likawaachia. Yule mlinzi wa gereza la Filipi, walikofungwa Paulo na Sila, alitubu akawaosha Paulo na Sila mapigo yao saa ileile ya usiku, huku Winona wala.

Mke wa mlinzi wa rumande alikuwa anawaletea maji, akamwambia mama Hamer kwamba wao wanajitahidi kuishi maisha ya Kikristo. Mama, na maumivu yake yote, akamwambia basi ukasome Mithali 26:26 na Matendo 17:26, yaani sura inayofuata tu baada ya ile ya Paulo na Sila, "Naye alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja." Yule mwanamke akaandika kwenye karatasi, akaondoka, hakurudi tena. Wiki hii tuzisome hizo aya mbili, taratibu, tukijiweka upande wa yule aliyeshika karatasi.